Uongozi Uliolelewa Ngomani

Katikati ya mwaka 1955 alifika Dar es Salaam John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza aliyeshughulikia mambo ya makoloni, na viongozi wa TANU, chama kilichozinduliwa tarehe 7 Julai 1954 na ambacho kilikuwa bado kichanga, walimpokea kwa taadhima, wakamweleza madai yao, wakamwonyesha watu wao. Naye, baada ya kuona na kusikia, akawauliza swali ambalo hawakulitazamia: wanawake wa chama hiki wako wapi? Aliambiwa kwamba wapo, na kwamba idara yao ipo. Jibu hilo lilikuwa na upungufu mkubwa wa ukweli, kwa maana wanawake wenye kadi walikuwa wachache, na idara yenyewe ilikuwa haijaundwa. Basi ikawalazimu waume wale watafute hima mwanamke wa kusimama mbele ya wenziwe, na aliyepatikana ni Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1926, mke wa Boi Selemani dereva wa teksi, ambaye elimu yake ya shule ilikomea darasa la nne, na ambaye jina lake mjini lilikuwa limekwisha kuvuma kwa jambo lisilohusiana na siasa hata kidogo: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma lililoitwa Bomba.

Wanaoandika juu ya uongozi katika vyama na maofisi aghalabu huanza habari zao pale mtu anapokabidhiwa cheo, kana kwamba siku moja kabla yake alikuwa mtu mwingine. Kwa hiyo habari za Bibi Titi nazo mara nyingi huanzishwa hapo, kwenye swali la mgeni na jibu la wenyeji, na yeye akaonekana kama mtu aliyeokotwa njiani. Mimi naona kwamba kumweleza hivyo ni kumdhulumu, na ni kuidhulumu pwani nzima pamoja naye. Mwaka ule wa 1955 Bibi Titi alikuwa kiongozi wa miaka kadha wa kadha; kilichokuwa kipya kwake ni jambo la kuongozea, na ukumbi. Mtu atakaye kujua uongozi unavyoota katika nafsi ya mtu, na jinsi mtu anavyofika kujitambua kwamba yeye ni kiongozi, atapata faida kubwa akirudi nyuma kidogo akaitazama ngoma, maana humo ndimo alimolelewa.

Ngoma za mashindano za pwani zina historia ndefu, na nyingine zina mpango ulionyooka kuliko serikali za wilaya. Beni, iliyoanza Lamu na Mombasa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na ambayo wakati wa Vita Kuu ya kwanza na baada yake ilienea Tanganyika nzima kwa miguu ya maaskari, wapagazi na makarani, ilikuwa na pande mbili mashuhuri, Marini na Arinoti, na kila upande ulikuwa na Kingi wake, Jenerali wake, Kapteni na Luteni wake, pamoja na waweka hazina na watu wa kuuguza wagonjwa. Wazungu waliotazama mambo hayo kwa mbali walifikiri ni maigizo ya jeshi tu, na baadhi yao wakaingiwa na hofu. Walakini mwanachama aliyehamishwa kikazi kutoka mji mmoja hadi mwingine alijua kwamba huko aendako atawakuta Marini wenziwe au Arinoti wenziwe, atapokewa, atapewa mahali pa kulala, na akifa atazikwa na watu wake.

Wanawake nao walikuwa na vyama vyao. Mombasa walicheza lelemama, na vyama viwili, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa nyimbo, kwa mavazi na kwa karamu mpaka mji ukagawanyika mitaa kwa mitaa. Humo wake walioitwa waungwana na wale wenye asili ya utumwa walikutana chini ya paa moja, na vyeo vilitolewa kwa anayeviweza. Walikuwapo masheikh waliozilaumu ngoma hizo kwa israfu, na lawama yao ilikuwa na msingi, kwa kuwa yako majumba yaliyotiwa katika madeni ili kundi moja lisishindwe na jingine. Lakini katika miaka ya 1950, wanawake wa Kiislamu wa Mombasa walipoanza kuunda vyama vya kutafuta elimu na ustawi wa wenzao, na walipoanza kudai haki ya kupiga kura, wengi waliosimama mbele walikuwa wametoka katika lelemama, ambamo walikuwa wamekwisha kujifunza kuitisha mkutano na kuumaliza bila ya ugomvi.

Dar es Salaam hali ilikuwa ya namna hiyohiyo. Mji ulikuwa na vilabu vya taarabu kama Egyptian na Al-Watan, vikiwa na wapenzi wao wa kike wenye kujipanga kwa makundi, na mbali na hivyo yalikuwapo makundi ya ngoma ya wanawake katika Kariakoo, Ilala na mitaa mingine ya Waafrika, ambayo yalialikwa katika maharusi, katika sikukuu, na wakati wa Maulidi. Wanachama wake wengi walikuwa watu wazima. Wengi walikuwa wamepata kuolewa na kuachwa, na aghalabu yao walikuwa na chumo lao wenyewe: huyu huamka alfajiri kukaanga vitumbua na maandazi, yule huuza samaki wa kukaanga, mwingine hupika pombe, mwingine ana chumba cha kupangisha. Nataka msomaji ayaweke moyoni maneno haya ya chumo na chumba, maana mwisho wa habari hii hauwezi kufahamika bila ya hayo.

Tazama jinsi kundi la namna hiyo lilivyoendeshwa. Wanachama hukusanyika alasiri, kazi za nyumbani zikiisha, mikeka ikatandikwa uani. Kwanza hutolewa mchango. Kila mmoja hutoa senti zake mbele ya macho ya wote, na mwenye kutunza fedha hutaja jina na kiasi kwa sauti, ili pasiwe na mtu wa kusema kesho kwamba alitoa na hakuandikwa. Kisha hujadiliwa mambo ya watu: fulani amefiwa, nani watakwenda kulala matangani, fulani anaoza binti yake, sare itakuwa kanga gani, na asiyeweza kuinunua atasaidiwa na nani bila ya kuaibishwa. Ndipo huja mambo ya nyimbo, na hapa ndipo kazi ya mwimbaji kiongozi inapoonekana, kwa sababu ni yeye atoaye wimbo na wengine wakaupokea. Akianza juu mno wenziwe hawamfikii, akianza chini mno wimbo hufa, na kundi pinzani likiwa limetupa kijembe wiki iliyopita, yeye ndiye mwenye kutafuta jibu litakaloumiza bila ya kuvunja ujirani.

Mwanamke huyu hakuwa na askari wala barua ya uteuzi. Hakuweza kumkata mtu mshahara kwa kuwa hakumlipa, wala kumfukuza kazi kwa kuwa hakumwajiri. Mwanachama akichukizwa naye alijifunga kanga yake akahamia kundi la pili, tena akienda huko akiimbia aibu za kundi alilolitoka. Kwa hiyo mamlaka yake yote yalisimama juu ya ridhaa za watu, na ridhaa hizo zilipaswa kutafutwa upya kila alasiri; ilimpasa ajue majina ya watu, ya watoto wao na ya waume wao, ajue nani hasemi na nani, ajue ni nani akisema ndiyo wengine kumi watasema ndiyo. Katika ofisi ya serikali mtu aweza kukaa miaka ishirini juu ya kiti asijifunze hata moja katika hayo, kwa sababu kiti chenyewe kinamsemea.

Waume wa mji walikuwa na chuo chao, nacho kilikuwa cha namna nyingine kabisa. Mwaka 1929 ilianzishwa African Association, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu, na tangu hapo makarani, walimu na matabibu wa Kiafrika walijifunza kuandika kumbukumbu za mikutano, kupeleka maombi kwa wakubwa, na kujenga hoja kwa Kiingereza kilichonyooka. Mwaka 1948 jina likawa Tanganyika African Association, na mwaka 1953 Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu aliyekuwa amerudi karibuni kutoka Edinburgh, alichaguliwa kuwa rais wake. Chuo hicho kilizaa viongozi hodari, na sina nia ya kukitweza. Lakini kilikuwa na vifungo viwili: elimu iliyohitajiwa ili mtu aingie ndani yake walikuwa nayo wachache, na wachache haohao aghalabu walikuwa watumishi wa serikali, ambao waraka wa mwaka 1953 uliwapiga marufuku kuingia katika vyama vya siasa. Walioweza kusema katika TANU walizibwa vinywa, na ambao hawakuzibwa vinywa hapana aliyewafikiria kuwa wana la kusema.

Nafasi hiyo ndiyo aliyoingia Bibi Titi. Alipopewa kazi ya kuwakusanya wanawake hakuandika matangazo wala hakungoja watu waje ofisini. Aliwaendea viongozi wa makundi ya ngoma ya mji, mmoja mmoja, akazungumza nao kama kiongozi azungumzavyo na kiongozi mwenziwe, na kiongozi akikubali kundi lake zima lilimfuata. Haikupita miezi mingi, na ilipofika Oktoba ya mwaka uleule yasemwa kwamba wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Mtu asiyeijua ngoma huiona hesabu hii kuwa muujiza, lakini aijuaye hatastaajabu, kwa maana wanawake hao walikuwa wamekwisha kupangwa siku nyingi. Walikuwa na viongozi wao, na hazina zao, na desturi ya kupeana habari ambayo iliufikisha mwito Magomeni kabla ya magharibi ukitolewa Kariakoo baada ya adhuhuri. Makundi yaliyokuwa yakishindana kwa sare na vijembe yaliketi mkeka mmoja, na sidhani kama kuna katibu yeyote wa chama, kwa elimu yake yote, aliyeweza kuwapatanisha wake hao kwa muda mfupi namna ile.

Kadhalika wanawake hao waliweza kufanya ambayo waume wao hawakuthubutu. Karani wa serikali aliyeogopa kupoteza kazi alibaki nyumbani, na mkewe au dada yake akaenda mkutanoni na kadi yake kifuani. Fedha za vitumbua na za samaki ziliingia katika mfuko wa chama. Wageni kutoka mikoani walipewa chakula na malazi na watu ambao siku zote kazi yao ilikuwa kupokea wageni wa harusi. Na nyimbo, ambazo jana zilikuwa za kumsifu bibi harusi au kumkomesha mpinzani, zikageuzwa zikawa za kumsifu Nyerere na kudai uhuru, na zikaenda na misafara hadi mahali ambapo gazeti halifiki.

Amma nafsi yake Bibi Titi ilipita katika mageuzi ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari hii. Kuimba mbele ya watu mia si sawa na kuwahutubia watu maelfu; mwimbaji hufichwa na wimbo, lakini mzungumzaji hana pa kujificha, na yeye mwenyewe alikuja kusimulia uzeeni kwamba mwanzo aliingiwa na woga. Susan Geiger, mwanahistoria wa Kimarekani aliyekaa na Bibi Titi na wenziwe katika miaka ya 1980 akisikiliza masimulizi yao, na ambaye kitabu chake juu ya wanawake wa TANU kilitoka mwaka 1997, ametuhifadhia mengi katika hayo. Tunaona katika masimulizi hayo kwamba alianza kwa kusema aliyoyajua. Aliwaambia wanawake kwamba hao waume wanaojiona wakubwa wamezaliwa na wao, kwamba hapana mkubwa asiyepita katika tumbo la mama, na kwa hiyo jambo la nchi haliwezi kuwa la waume peke yao. Hoja hii haikutoka Edinburgh. Ilitoka katika ule ua uliotandikwa mikeka, ambamo uzazi, unyago na msiba ni habari za kila wiki, na iliposemwa kwa sauti kuu mbele ya halaiki ilimfungulia mwanamke wa kawaida mlango wa siasa bila ya kumtaka aache kuwa alivyo.

Baada ya hapo alizunguka nchi pamoja na Nyerere na wengine, katika magari mabovu na barabara za vumbi, na popote alipokwenda alikuwa akifanya jambo lilelile: kumtafuta mwanamke ambaye wengine humsikiliza. Dar es Salaam alikuwa pamoja na Tatu binti Mzee. Mikoani waliinuka wengine, na si wote waliokuwa wa ngoma. Lucy Lameck wa Moshi alikuwa amesomea uuguzi, akapata kusoma Ruskin College, Oxford, na baada ya uhuru akawa naibu waziri. Yeye aliingia katika uongozi kwa mlango wa shule na wa ushirika wa kahawa. Nawataja wote wawili kwa heshima moja. Lakini wakati wa kudai uhuru, katika nchi ambayo wanawake wengi hawakuwa wamekanyaga darasa, aliyeweza kusema nao kwa lahaja yao na kwa mizaha yao alikuwa na kitu ambacho hakifundishwi Oxford, nayo TANU ilikijua vizuri thamani yake, kwani jina la Bibi Titi lilikuwa likitajwa vijijini sambamba na la Nyerere.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka uliofuata wanawake waliunganishwa katika chama kimoja, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake wa kwanza. Alikuwa Mbunge wa Rufiji, akapata kuwa waziri mdogo. Walakini hapo ndipo ardhi ilipoanza kumteleza. Kazi ya serikali ilikuwa ya mafaili na ya Kiingereza, amri zilishuka kutoka juu, na umoja wa wanawake ukawa tawi la chama kinachotawala, lenye ofisi na watumishi, wala haukuhitaji tena kuomba ridhaa ya kila kundi katika kila ua. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 alishindwa Rufiji. Aliyezoea kuwashika watu kwa mkono aligundua, nadhani kwa uchungu, kwamba miaka ya kukaa juu ilikuwa imemtenga na wale waliomwinua.

Kisha likaja Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967. Miiko yake ya uongozi ilikataza kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa shirika la kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, wala asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba, alizozijenga kwa mkopo, na hakukubali kuziacha. Akajiuzulu katika Halmashauri Kuu ya TANU. Wako waliomwita mroho, na hukumu hiyo imerudiwa mara nyingi. Mimi naiona kuwa ya haraka. Mwalimu Nyerere, mwana wa mtemi aliyesoma Makerere na Edinburgh, alikuwa na haki ya kuogopa kwamba viongozi watageuka tabaka la wanyonyaji, na yaliyotokea katika nchi nyingine za Afrika yanampa ithibati. Lakini katika chuo alichotoka Bibi Titi, chumba cha kupangisha kilikuwa na maana nyingine: ndicho kilichompa mwanamke aliyeachwa uwezo wa kula bila ya kumpigia mume magoti, na ndicho kilichomwezesha kwenda mkutanoni mwaka 1955 bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Mwanamke asiye na chumo lake hakuwa mwanachama wa kutegemewa, sembuse kuwa kiongozi. Vyuo viwili vya uongozi, ambavyo vilikuwa vimekwenda bega kwa bega miaka kumi na miwili, viligongana hapo juu ya jambo la nyumba, na sioni kwamba upande mmoja ulikuwa wa watu waovu.

Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma ya kula njama ya kuipindua serikali, na katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1970, ya kwanza ya namna yake katika nchi, alishtakiwa pamoja na Michael Kamaliza aliyekuwa waziri wa kazi, na wengine; Oscar Kambona, aliyedaiwa kuwa kinara wa njama hiyo, alikuwa uhamishoni. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Siku zote alikana hatia hiyo. Mwaka 1972 Nyerere alimwachilia, akarudi katika mji ambao marafiki wa zamani waliogopa kumpigia hodi, na mumewe alikuwa amekwisha kumwacha. Akaishi miaka mingi jina lake halitajwi hadharani, katika nchi ambayo kila mtoto wa shule alifundishwa habari za TANU.

Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya chama, ambacho sasa kiliitwa CCM, ilikutana Zanzibar ikailegeza miiko ya Arusha, ikawaruhusu viongozi wawe na hisa, wapokee mishahara zaidi ya mmoja, na wapangishe nyumba zao. Mwaka huohuo, nchi ilipokuwa ikiadhimisha miaka thelathini ya uhuru, gazeti la chama lilimtaja Bibi Titi Mohamed kuwa miongoni mwa mashujaa wa kuupigania. Alikuwa na umri wa miaka 65. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000, hospitalini Johannesburg, na barabara ya Dar es Salaam ipitayo kandokando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, ambayo zamani iliitwa kwa herufi tatu za umoja wa wanawake, UWT, siku hizi huitwa kwa jina lake.